Nilipaka Mulango ya Ndege, Sasa Glodie Hapokee Simu

Mama Farida mupendwa, mushauri wetu wa radio, mi siombaka musaada ku mutu, uliza Musonoi yote, lakini leo naomba, na hii barua naandika na mukono yangu mweye, masomo yangu iliishia ku ya tatu primaire, unisamehe.

Mi njo Edouard, nilipakaka bandege rangi miaka makumi tatu, hapa Kolwezi hapakuwa mutu wa kunishinda, hata bapilote balikuwa banasimama kuangalia. Sasa mutoto wangu Glodie, anakaa Fungurume, anatengeneza mu ordinateur kale kandege nilipakaka mi mweye, kenye kalikuwa kanapeleka barua na bagonjwa mpaka Musumba, ni ya ule muchezo mutu anaendesha ndege ku écran sawa vile ya kweli, umbo amemaliza, inabakia rangi, na rangi ni kazi ya nani kama haiko yangu? Nikamuambia anunue programme ya kupaka rangi mu ordinateur, ya bei kali, ya kulipa kila mwezi, anasema, "Papa, iko ya bure," mi nikasema rangi ya bure ni ya kupaka choo, akacheka.

Njo akaniomba kitu moja tu. Kandege kale kalivunjwa zamani, mi nikabeba mulango, ikakuwa ya nyumba ya kuku. Anasema, "Papa, dimanche kisha misa nakuya kuipiga picha, ile picha njo itakuwa ngozi ya ndege mu ordinateur." Sasa niache apige picha ya kitu chafu, rangi inabanduka, mavumbi nyekundu mu misumari, dunia yote iseme kazi ya Edouard iko vile? Samedi, siku moja mbele afike, nikasugua, nikapaka couche mbili ya bleu, ikangaa sawa kioo. Dimanche Glodie akafika, akaangalia, akasema, "Papa, umefanya nini?" Akalia, akarudia na taxi, hata bukari hakukula. Wiki mbili hapokee simu. Mama, mulango ni muzuri kuliko siku ilitoka ku usine, sasa kosa yangu ni gani?

Tata Edouard,

Kosa unaijua, njo maana umeandika. Bleu mupya ordinateur inayo tayari. Kile haina ni fasi yenye mikono ya bapilote ilikula rangi kando ya mupini, na fasi yenye jua ilipausha kazi yako. Ile njo mutoto alikuya kuchukua, na weye ukaifunika juu ya kiburi. Pole, tata, lakini ni vile.

Programme ya bei, wachana nayo. Weye ungepaka ndege muzuri hata na brosi ya kuazima, sivyo? Ile ya bure, GIMP, inapanga rangi couche juu ya couche: ya chini, ya juu, kisha uchafu. Inatosha.

Kama upande wa ndani wa mulango hukuugusa, usiuguse! Upigwe picha mu kivuli ao siku ya mawingu, sababu jua ikiangaza ku ile chuma, tôle ya mulango, ule mwangaza unabakia mu picha, na ndege itangaa hata mu mvua.

Upande wa inje ulibakia mu kichwa yako tu. Basi panda taxi ya Fungurume kesho. Omba samahani mbele ya kukaa, bila kusema "lakini". Kisha kaa kando yake, mikono ku magoti, umuambie wapi rangi ilikuwa inaanza kubanduka, wapi moshi ya moteur ilikuwa inapita. Akikosea, nyamaza. Ngoja akuulize.