Siku Niliyoambiwa Spa Imejaa

Dada yangu kipenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na shemeji mzima, na wanangu wawili wazima na wakorofi kama nilivyowaacha. Yule mdogo meno yake ya mbele yameshaota? Mwambie mama yake mdogo hajamsahau, ni ndoa tu imemmeza. Na mgongo wako je? Mara ya mwisho uliniambia ukiinama kufagia unainuka kwa awamu. Sisi huku ni wazima, tena afadhali niseme ukweli, sisi tunang'aa.

Dada, ndoa ni tamu! Kwa nini hukuniambia mapema, ukaniacha nikipoteza miaka nikisoma jiografia? Huyu shemeji yako fundi friji akirudi kazini mikono yake huwa ya baridi hata jua likiwa kali, na kitu cha kwanza anachofanya ni kunishika shingoni kwa nyuma. Napiga ukelele, majirani wote wanajua mwenye nyumba amerudi. Asubuhi nikifungua kopo la sukari nakuta kikaratasi. Jana kaandika kwamba sukari haina kazi humu ndani kwa sababu mimi nipo. Miezi mitatu sasa na vikaratasi havijakatika, navihifadhi vyote kwenye boksi la viatu vya harusi.

Lakini sikushika kalamu kukusimulia mapenzi peke yake. Kuna jambo ulilianza wewe kwa beseni, nami nimelimaliza kwa beseni lilelile. Kaa chini usome.

Unaikumbuka asubuhi ya harusi yangu. Wiki nzima nilikuwa napiga simu kwenye ile spa ya ghorofani, juu ya duka la vioo, na simu inaita mpaka inakata. Tukasema twende wenyewe mapema. Unamkumbuka yule mama mwenye spa alivyotuangalia juu ya miwani, akasema bila hata kufungua daftari kwamba wamejaa, tena wamejaa mpaka saa saba mchana. Na pazia lilikuwa wazi, dada. Tuliona wote wawili viti vitatu vya miguu vitupu, ndala za wateja zimepangwa mstari bila wa kuzivaa, na mfanyakazi mmoja mnene anakula karanga. Mimi nikaanza kulia na wewe ukanishika mkono, ukamwambia yule mama kwamba basi viti vyake avikalie mwenyewe vyote vitatu.

Ukanirudisha nyumbani, ukanitia miguu kwenye lile beseni lako la bluu lililomeguka ukingo, ukanisugua kwa sukari na mafuta ya kupikia huku unanitania kwamba bwana harusi akinusa atadhani ameoa maandazi. Nilipendeza. Mume wangu mpaka leo anasema nilipoingia alisahau jina lake. Lakini mimi, ndani ya shela, nilikuwa nimeapa. Nilisema ile spa lazima niifunge.

Mungu si shemeji yako, wiki tatu baadaye nikaona tangazo kwenye mlango wao: anahitajika mhudumu wa mapokezi. Mume wangu nilimwambia nimeipenda kwa sababu ni karibu na nyumbani. Uongo. Niliomba ile kazi ili niivunje spa kutoka ndani, kama mchwa. Yule mama, ambaye wafanyakazi wanamwita Mama Mvuke, hakunitambua hata kidogo. Bibi harusi anayelia na mwombaji kazi aliyepaka lipstiki ni watu wawili tofauti.

Siku ya kwanza tu nikagundua kwamba ile spa haihitaji mtu wa kuivunja. Simu haipokelewi kwa sababu wa kuipokea ni wale wale wenye mikono iliyojaa mafuta. Kila mteja anaandikiwa saa mbili, awe anakandwa mwili mzima au anakatwa kucha tu. Na daftari la miadi linaandikwa kwa wino. Mama Mvuke ana sheria yake, aliyeandikwa ameandikwa. Alinisimulia kwamba zamani aliwahi kumpa mtu nafasi ya mteja aliyechelewa, na yule mteja akatokea na mama zake wadogo wanne, wakamtukana mpaka duka la vioo chini wakafunga mlango. Tangu hapo jina likiingia daftarini halitoki, hata mwenyewe asipotokea. Basi watu wanaandikisha kama mchezo, hawaji, na viti vinawasubiri. Wiki ile ya kwanza nilihesabu watu kumi na tisa waliofukuzwa mlangoni huku viti vikipigwa na feni.

Sasa nikaenda kuutafuta ukurasa wa siku yangu. Kulikuwa na majina matatu ya wanawake, kuanzia saa tatu mpaka saa saba, huduma kamili, na hakuna aliyekuja. Nilimuuliza Mama Mvuke kwa ujanja hawa walikuwa nani, akasema anakumbuka vizuri, aliyewaandikisha ni mwanamke mmoja kwa simu, siku aliyobahatika kuipokea mwenyewe, sauti laini kama ya mtangazaji, akasihi sana nafasi zile asipewe mtu yeyote hata wakichelewa. Majina matatu, lakini namba ya simu ni moja.

Dada, namba ile naijua kuliko namba ya nyumba yetu. Unakumbuka wakati wa uchumba simu ya mume wangu ilipotumbukia kwenye ndoo chini ya friji la mteja? Wiki mbili nzima aliniandikia mapenzi kwa simu ya dada yake. Kila usiku mwema, kila umekula mpenzi, ilikuja kwa namba ile. Niliikariri kama sala. Alikuwa wifi yangu! Yule yule niliyemwambia kwa mdomo wangu, nikicheka kama mjinga, kwamba asubuhi ya harusi nitapitia spa ya ghorofani. Alikuwa amenikumbatia na kusema nitatoka malaika.

Siku ile nilirudi nyumbani nikakuta kikaratasi kingine, nikalia juu yake. Mume wangu akauliza nini, nikasema furaha. Ningemwambia nini? Wamezaliwa wawili tu, yeye ndiye aliyemlipia dada yake shule, na anamwita Malkia mpaka leo. Ningesema, ndoa changa ingepasuka katikati, na mimi siko tayari kurudi kulala peke yangu kwa ajili ya miguu. Nikafunga mdomo. Nikaamua kwamba spa sitaifunga tena. Nitaitengeneza.

Ukicheka cheka tu. Nilinunua penseli na kifutio. Nikaazima saa ya kupimia ya mume wangu, ile anayotegea friji, nikampima kila mfanyakazi kila kazi, nikakuta miguu ni dakika arobaini na kucha nusu saa, saa mbili ni za kukandwa mwili mzima peke yake. Nikafungua kijidaftari cha wanaosubiri. Halafu nikaweka kanuni: siku moja kabla nampigia kila mteja, asipothibitisha kufikia saa sita mchana nafasi inakwenda kwa anayesubiri. Mama Mvuke alinuna siku nne. Alisema nitamletea wale mama wadogo wanne. Siku ya tano akaona viti vyote vitatu vina watu tangu asubuhi, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena kuangalia upya. Yule mla karanga, ambaye tunamwita Greda kwa sababu ya mikono, akaniambia tangu nimeingia hana hata nafasi ya kugombana na mumewe kwenye simu, ndoa yake imepona, na kama ni uchawi niendelee.

Ndipo wifi akaja. Alipanda ngazi ananukia, akaweka mkoba juu ya meza yangu na kunitangazia kwamba anavishwa pete Jumamosi, saa tisa alasiri, na anataka kila kitu, miguu, mikono, uso, mvuke. Akatania kwamba kuwa na wifi mapokezi ni kama kuwa na funguo za benki. Nikamwambia karibu wifi yangu, nikamwandika saa tatu asubuhi. Nikamuuliza namba ya simu. Akasema namba si unayo, andika mwenyewe.

Nikaandika mwenyewe.

Ijumaa nilipiga saa nne, nikapiga saa tano, nikapiga saa sita kasoro dakika tano, Mama Mvuke amesimama nyuma yangu anasikia mwenyewe kwamba simu haipatikani. Nikaandika pembeni kila saa niliyopiga. Saa sita ilipogonga nikachukua kifutio. Nafasi nikampa msichana mmoja aliyekuwa wa kwanza kwenye kijidaftari, naye anaolewa Jumamosi hiyo hiyo, alipopata simu yangu alipiga kelele mpaka nikasogeza sikio.

Jumamosi saa tatu kamili wifi akatokea, nywele kafunga kitambaa. Nilimwangalia juu ya daftari nikamwambia, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba tumejaa. Akacheka. Nikarudia kwamba tumejaa mpaka saa saba mchana. Dada, yale maneno niliyatunza mdomoni miezi mitatu, yalivyotoka nilihisi utamu mpaka kwenye magego. Akaanza kupaza sauti, aitiwe mwenye spa, yeye ni ndugu. Mama Mvuke akaja na daftari, akamwonyesha kwa kidole saa zote tatu na namba iliyopigwa.

Wifi akainama kuisoma ile namba. Akainama muda mrefu. Kisha akainua macho akaniangalia mimi, nami nikamwangalia. Laini ile alishaitupa tangu wiki ya harusi yangu. Angesema nini? Kwamba imeandikwa namba yake ya zamani? Mama Mvuke angeikumbuka namba, au sauti. Akachukua mkoba wake akashuka ngazi, na Greda akasema kwa nyuma huyu naye simu hapokei halafu anakuja kutupigia kelele.

Sasa nakuungamia, dada yangu, maana wewe ndiye mama niliyebakiwa naye. Namba yake mpya ninayo. Ipo kwenye simu yangu, ipo hata ukutani jikoni kwa mwandiko wa mume wangu. Niliandika ile ya zamani makusudi, tarakimu zimenyooka, nikijua haipatikani. Sikukosea. Na nimejaribu kujuta siku tisa sasa, nimeshindwa.

Na si hilo tu. Saa sita mama mkwe akanipigia, binti amejifungia chumbani analia, mwanangu wewe ndiye mtu wa spa, tuokoe. Nikaomba ruhusa, nikapita nyumbani kuchukua beseni lako la bluu, lile nililoondoka nalo siku ya harusi. Nikafunga mlango wa chumba, nikamkalisha kitandani, nikamtia miguu yote miwili kwenye maji ya moto yenye sabuni. Mtu mwenye miguu ndani ya beseni, dada, hana pa kukimbilia. Nikamsugua kwa sukari taratibu huku nikimsimulia hadithi ya bibi harusi mmoja aliyefukuzwa spa kwenye viti vitupu, na majina matatu ya watu ambao hawajazaliwa, na namba moja. Nilimsimulia mpaka karanga.

Maji yakaanza kupoa. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba kaka yake alikuwa akirudi kazini anamwekea yeye mikono ya baridi shingoni tangu yeye ni mtoto wa shule, na tangu nije hajamwekea tena. Akasema alitaka siku ile niingie nimepauka, watu waone kaka amekosea. Nikaingia nimependeza vilevile, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Nilitaka kumhurumia. Nakuapia nilitaka. Nilimfanya mikono vizuri kabisa, kucha moja moja, maana pete ni ya mikono na siwezi kumwaibisha mume wangu mbele ya wakwe. Mguu wa kulia nikausugua mpaka ukawa kama wa mtoto. Halafu gari likapiga honi nje, mama mkwe anagonga mlango, nami mwenyewe nikamfuta na kumvisha viatu haraka haraka. Viatu vya wazi.

Mguu wa kushoto sikuugusa.

Picha zimetoka juzi. Katika kila picha wifi yangu anacheka vizuri sana, pete inang'aa, na mguu mmoja kauficha nyuma ya mwenzake kama korongo. Mume wangu ameuliza kwa nini Malkia anasimama hivyo. Nikasema ndiyo pozi la kisasa. Akanibusu, akasema mimi nayajua mambo ya urembo.

Barua hii ukimaliza ichane, na shemeji asiione, maana yeye na mume wangu wakikaa pamoja hawafichani kitu. Nisalimie wanangu, uwabane mashavu kwa niaba yangu. Mpe pole mgongo wako, ukija huku nitakuwekea nafasi kwa Greda, atakunyoosha uinuke mara moja. Mama Mvuke anakusalimu bila kujua kwamba ni wewe uliyemwambia akalie viti vyake.

Beseni usilidai kwanza. Wifi anaolewa baada ya miezi miwili, na ameniomba, safari hii kwa adabu, nimshikie nafasi asubuhi ya harusi. Nimemwandika saa tatu, dada yangu. Kwa penseli.

Ni mimi mdogo wako mwenye furaha kuliko wote,

Kitindamimba