Miduara Kwenye Boneti

Sumbawanga,
Jumatano, 14 Oktoba 1953

Kwa kaka yangu Saad,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Chala, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuacha. Sisi huku nyumbani, Mungu ashukuriwe, hatuna mgonjwa. Wifi Kulsumu hajambo. Mtoto ameota meno mawili na anauma kila kinachomkaribia, hata mkono wa anayemlisha. Dukani chumvi inatoka vizuri, ila zile kanga za maua ya njano hazina mtu anayezitaka hata tukizitundika mlangoni. Mimi mwenyewe ni mzima, isipokuwa nimechoka. Ukiona mwandiko wangu umeharibika, usishangae, vidole vimepasuka kwa maji na vumbi.

Siku unaondoka uliniachia maneno mawili. Wifi asibebe kitu kizito, na gari liwe safi kila siku hata kama haliendi popote, kwa sababu gari chafu mbele ya duka linamtia aibu mwenye duka. La kwanza nimelitimiza. La pili nalitimiza kwa taabu, na hilo ndilo lililonikalisha niandike, hilo pamoja na habari ya Zenon.

Kaka, maji yamekuwa kazi kubwa. Kijito cha bondeni kimekauka, tunafukua mchanga kwa mikono na kungoja maji yajikusanye kata kwa kata. Alfajiri ukifika unakuta wanawake ishirini wamekutangulia. Sasa huyu Lukmani, dereva wako mpya, kuosha gari moja anataka madebe sita. Anayamwaga kuanzia juu kama anazima moto, halafu anakwenda zake kunywa chai, gari linakaukia juani na kubaki na michirizi. Nikimwambia, ananijibu kwamba magari ya mjini yanaoshwa kwa mpira wa bomba, na kwamba kosa ni la Sumbawanga kwa kukosa bomba. Mpira wenyewe sijui aliuona wapi. Madebe sita ni safari sita za kushuka na kupanda kile kilima, na wa kupanda ni mimi. Juzi wanawake wa kisimani waliniuliza kama nyumbani kwetu kuna maiti wa kuoshwa kila asubuhi. Nilicheka pamoja nao. Nilipofika nyumbani niliketi kizingitini na debe langu, nikashindwa kunyanyuka.

Wakati wa Zenon haikuwa hivi, na wewe unajua. Zenon aliosha gari lako miaka mitano kwa debe moja, na siku nyingine hata debe lenyewe halikuisha. Miezi ya baridi alilitoa bandani kabla ya jua, akaliacha uwanjani lishike umande, kisha akalifuta kwa umande huo bila kuchota tone. Kiangazi alianza na ule ufagio wake wa manyoya ya kuku, akipeperusha vumbi bila kulikandamiza. Ndipo akaloweka kitambaa, tena kitambaa cha kanzu kuukuu na si kinginecho, akafuta kwa mstari mmoja ulionyooka, akainua mkono, akageuza kitambaa upande safi, akafuta mstari mwingine. Alikuwa na makarai mawili, moja la kusuuzia uchafu na moja la maji safi. Aliniambia mara nyingi kwamba vumbi la Ufipa lina meno, na ukilizungusha chini ya kitambaa linakula rangi. Nilikuwa nikimtania kwamba anamwogesha bibi harusi. Alicheka kwa adabu na kuendelea na kazi yake.

Sasa sikiliza habari yake. Tangu ulipomfukuza baada ya mavuno ya ulezi, hajapata kazi. Amekwenda kwa wenye magari wote wa mji huu, na kila mmoja alimuuliza kwa nini ameachana na Saad, halafu akamjibu mwenyewe kabla Zenon hajafungua kinywa, kwa kuwa ulikwishawaambia wote barazani kwamba yule bwana alikwangua rangi ya gari lako kwa uzembe. Misheni wana dereva wao. Nyumbani kwao Matai shamba amelichukua ndugu yake mkubwa. Jumatatu mkewe, Hilaria, alikuja kisimani, akateka maji yake, na alipojitwika ndipo akaniambia kwamba Zenon amejiandikisha manamba. Ameweka dole gumba. Lori linaondoka Jumamosi hii asubuhi kwenda kwenye mkonge wa Tanga. Hilaria ana mimba ya miezi saba. Alisema hivyo bila kulia, akaenda zake, nami nikasahau hata kujaza debe langu.

Kaka, nimekaa na neno hili miezi mitatu na siwezi kukaa nalo siku nyingine. Naomba ulisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Zenon hakulikwangua gari lako. Nililikwangua mimi.

Unakumbuka Zenon alipopata habari za kifo cha baba yake, ukampa ruhusa ya siku tatu kwenda kuzika Matai, na wewe ukaenda Kasanga kwa lori. Gari lilibaki na matope yaliyokauka, kwa sababu mlikuwa mmetoka kuvuka mto. Zenon kabla ya kuondoka, hata na msiba wake, alikuja jikoni kuniambia nisiliguse, matope yakae tu, hayadhuru kitu, atakuja kuyaosha mwenyewe. Nikamwambia aende kwa amani. Lakini mwezi ule ule ndio nilikuwa nimevunja karabai yako, na nilitaka ukirudi ukute jambo jema lenye mkono wangu. Unanijua, sijui kuacha kitu kichafu. Sufuria zangu watu huja kuzitazama. Basi nikachukua majivu, nikachukua mchanga laini wa mtoni na gunzi la mahindi, nikalisugua gari lako kama ninavyosugua sufuria, kwa nguvu zangu zote, kuzunguka na kuzunguka, boneti lote na milango miwili. Likiwa limelowa liling'aa mpaka nikaimba. Lilipokauka nikaona miduara imejaa kila mahali, myeupe, mmoja juu ya mwenzake. Nikapaka mafuta ya karanga. Miduara ikapotea, nami nikajidanganya kwamba imekwisha.

Zenon alirudi siku moja kabla yako. Nilimwona kutoka dirishani. Alipitisha kiganja juu ya boneti, akanusa mafuta, kisha akaingiza kidole kwenye mfereji wa taa na kukitoa na majivu. Akatazama upande wa jikoni. Alijua. Kesho yake uliporudi na jua likayakausha yale mafuta, ulimwita mbele ya duka na watu wakasikia kila neno. Nilikuwa nyuma ya pazia. Ulimuuliza kama ni yeye. Zenon aliinamisha kichwa akasema kwamba gari lilikuwa mikononi mwake. Nami nilibaki nyuma ya pazia langu.

Huenda unajiuliza kwa nini hakunitaja. Jana nilikwenda kwake kumuuliza hilo hilo. Alinikumbusha siku ile tuliyotoka Matai, wewe na mimi tumekaa nyuma, yeye akiendesha, uliponiambia kwa ajili ya karabai kwamba nikiharibu kitu kimoja zaidi utanipeleka Kipili kwa shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, aniweke kwake kama alivyokwisha kuomba. Ulisema kwa hasira na huenda ulisahau kabla hatujafika mjini. Mimi sikusahau, na kumbe dereva naye hakusahau. Alinisikia nikilia nyuma ya kichwa chake njia nzima. Kaka, sikupata kukwambia mtu yule wa Kipili alivyonitendea wakati wa eda, marehemu akiwa hajatimiza mwezi kaburini. Sitakuandikia hapa. Jua tu kwamba ningependa kuteka maji ya mji mzima kuliko kulala chini ya paa lake.

Zenon aliniambia alidhani utamfukuza kwa wiki mbili, halafu uchovu wa gari chafu utakurudisha kwake. Hakufikiri kwamba utawaambia na wengine. Nilimwomba asiende, angoje nikuandikie. Akasema dole gumba limeshawekwa, na kwamba hana nguvu tena ya kungoja. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionivunja.

Nimefanya mambo mawili bila ruhusa yako. La kwanza, leo asubuhi nilikwenda kwa karani wa manamba nikamwomba afute jina la Zenon. Alinicheka, akasema jina halifutwi kwa ajili ya mwanamke aliyepita njiani, labda tajiri wake aje mwenyewe na kusema mtu huyu ana kazi kwake. La pili, nilipotoka hapo nilipita barazani mbele ya duka, wazee wote wamekaa, nikawaambia kama nilivyokuandikia wewe, gunzi, mchanga na majivu. Wifi Kulsumu alitoka akanivuta ndani, lakini nilikuwa nimeshamaliza. Nimefanya hivyo kwa sababu nakupenda na nakujua. Ungenihurumia, ungeichana barua hii, ukasema jambo la nyumbani libaki nyumbani. Sasa halimo tena nyumbani.

Barua anaileta Yunusu wa lori, anaondoka kesho alfajiri, na mchana atakuwa Chala. Ukitoka siku hiyo hiyo au Ijumaa asubuhi, utamkuta karani ofisini kwake. Sikuombi unisamehe. Nikusikie ukinigombeza mwezi mzima, sawa. Na kama ni Kipili, vitu vyangu nimeshavifunga, ni kasha moja na mkeka, nitakwenda bila kukusumbua. Hilo tutalizungumza baadaye, siku yoyote utakayotaka wewe. Hili la Jumamosi halina baadaye.

Wifi Kulsumu anakusalimu sana na anauliza kama zile shuka mbili zilikutosha kwa baridi ya huko. Lukmani anakusalimu, anataka kujua utarudi lini. Jirani zetu wa pande zote mbili wanakusalimu, na wazee wa baraza pia, ingawa leo sauti zao zilikuwa chini. Nilipita kwa Hilaria kumuuliza kama ana salamu nikuandikie, kama tunavyofanya siku zote. Alikuwa akimshonea Zenon mfuko wa safari. Alifikiri kidogo, akaniambia nikuandikie kwamba kwake yeye hakuna salamu.

Ndimi mdogo wako,
Mwasiti