Gambuti za Bwana Afya

Jumapili, 1 Juni 2025

Wiki tano na siku moja ya ndoa! Leo Hamza wangu kanichemshia chai mwenyewe. Tangawizi kaijaza mpaka nimetoka machozi – na nimekunywa yote. Mume gani huyu, jamani!

Mama mkwe, Mama Mwanvita, kapiga simu. Arobaini ya Mjomba Stambuli ni tarehe kumi na nne, nyumbani kwake Kinole, mlimani. Ni kaka yake mama mkwe, na kwa Waluguru mjomba si mtu wa pembeni. Mimi nilimwona mara moja tu, siku ya harusi yetu. Alikuwa Bwana Afya wa serikali miaka thelathini na mbili. Alipostaafu, hakustaafu! Kila Jumamosi alikuwa chemchemini na jembe lake, bure, anazibua maji na kufundisha watu kunawa mikono.

Zawadi yake kwetu? Ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Wenzake wametoa vitenge na masufuria – yeye ndoo! Nilinuna siku mbili. Siku ya kumi akafariki. Sasa ndoo ile iko nje ya choo chetu na simpi mtu.

Jumatano, 4 Juni

Makubwa! Kumbe arobaini ya kwao haikamiliki bila mtani, mtu wa kabila wanalotaniana nalo. Lazima awepo wa kumkejeli marehemu, avae vitu vyake, amwigize mpaka wafiwa wacheke. Bila hivyo, wanasema, msiba unabaki wazi. Kila mara alikuwa akija Mzee Abel, Mnyamwezi wa Ngerengere, mstaafu wa reli. Kavunjika mguu.

Mama Mwanvita akasema ya nini kuhangaika, wakati familia ina Mnyamwezi wake kutoka Urambo, tena wamemtolea mahari wenyewe. Mimi!

Hamza akaninyang'anya simu. "Mama, huyu mkweo! Mkwe atatukanaje watu?"

Nikamsikia mama mkwe anacheka huko. "Utani ulikuwepo kabla ya wewe kuzaliwa. Ukwe wa juzi tu. Atauvua mlangoni pamoja na ndala zake."

Jumamosi, 7 Juni

Idi yetu ya kwanza! Hamza kasifia pilau mara nne, na chini lilikuwa limeungua. Nampenda mtu huyu!

Jioni kanieleza kinachomtia hofu. Ni mjane wa mjomba, Bi Hafidha, aliyemlea yeye miaka yote ya sekondari. Bado yuko edani, hatoki. Tangu msiba anakula vijiko viwili anasukuma sahani. Kucheka ndiyo kasahau kabisa. Na gambuti za mjomba ziko palepale mlangoni alipozivua, na tope la chemchemini. Jirani mmoja alitaka kuziosha, Bi Hafidha akapiga ukelele nyumba nzima ikakimbia. Hakuna anayezigusa.

Na mtani lazima avae hizohizo.

"Yule ni mama yangu wa pili," Hamza kasema. "Akikuchukia, nitasimama wapi?"

Nikamshika mkono tu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimempigia Mzee Abel. Shikamoo yangu tu ikamchekesha. "Marahaba, mwanangu! Hao Waluguru wamekulisha ndizi mpaka umesahau kwenu?"

Nikamwambia ninaogopa. Akanipa kanuni yake. Usimtanie marehemu kwa jambo alilolionea aibu. Mtanie kwa lile alilojivunia. "Hapo watamwona amesimama."

Alijivunia nini Mjomba Stambuli? Vyoo! Siku ya harusi yetu alimpita bwana harusi, akampita sheikh, akaenda moja kwa moja na tochi yake kukagua choo. Ndipo akarudi kutupa mkono.

Ijumaa, 13 Juni

Tuko Kinole. Baridi! Nimevaa sweta la Hamza, linanukia yeye.

Nimeziona gambuti. Kubwa mno. Bi Hafidha kaitikia shikamoo yangu, basi.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika stoo, juu ya gunia la maharage, haraka haraka.

Dua imekwisha, ubwabwa umeliwa. Mama Mwanvita kanikonyeza. Wanawake wote wako ukumbini, Bi Hafidha kwenye mkeka na nguo zake nyeupe. Nikavua ndala. Nikatia miguu kwenye gambuti – Bi Hafidha kanikazia macho! Nikawasha tochi mchana kweupe.

"Hodi! Kiti sitaki, nionyesheni choo kwanza!"

Hakuna aliyecheka. Hata mmoja! Mama Mwanvita kaangalia chini. Nikaendelea.

"Nyie Waluguru! Ndizi mnaziosha, mikono hapana! Mmenizika, mkadhani mmepumzika? Nitawakagua hukohuko mtakakokuja!"

"Mwongo!"

Bi Hafidha. Nikaganda. Chumba kizima kikaganda.

"Hakuwahi kupiga hodi hata siku moja," kasema. "Alikuwa anakohoa, kisha anaingia. Hivi." Akakohoa – kikohozi kizito cha kiume, na kukwangua koo mwishoni. Wanawake wakaangua kicheko! Yeye mwenyewe akacheka mpaka akajifunika uso, na machozi yanamtoka, na bado anacheka. Kisha akaagiza ubwabwa. Akaongeza!

Nikainama nivue gambuti.

"Nani kakwambia uvue? Mtani akichukua cha marehemu, harudishi."

"Mama, zinanipwaya."

"Sikukuuliza namba. Leo siku gani?"

Jumamosi! Na chemchemi haijazibuliwa tangu aondoke. Wanawake wameshaanza kutafuta majembe, na nguo zao za shughuli! Hamza yuko nje anacheka kama mwehu, kanitupia gazeti nizibe nafasi ya vidole. Njia siijui. Kazi siijui. Wananiita. Bi Hafidha anapaza sauti dirishani: "Mnyamwezi! Unalala?"

Gambuti ya kulia nimeshaijaza gazeti, imekaa. Ya kushoto inagoma, kuna kitu kigumu huko mbele kabisa. Nimeingiza mkono – kipande cha sabuni, kimetumika nusu, aina ileile aliyotupa na ndoo!