Kidole Juu ya ZIMA

Jumatatu, 4 Machi

Kaka kaniita ofisini na kuacha mlango wazi, ili wifi asikie vizuri. Ifikapo Ijumaa nimkabidhi mdogo wake wifi programu ya mashine ya kutotoleshea mayai. Ana shahada, eti. Na mimi? Kuna kazi ya kuosha trei za vifaranga, akasema, bila kuinua macho.

Trei! Mimi niliyeacha shule ili yeye amalize. Niliyejifunza Python, lugha ya kompyuta, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kila mstari unaolinda mayai yake nimeuandika mimi. Wifi akachekea ndani ya kikombe chake. "Trei nazo ni teknolojia, wifi yangu."

Huyo mdogo wake nimeshampa jina. Digrii.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza kumfundisha Digrii. Nikamwambia programu ni shina tu, kazi inafanywa na mapachiko, vile vipande unavyochomeka na kuchomoa bila kuvuruga vingine. Yeye anaita plagini. Hapa ni mapachiko, nikamwambia, na ukishindwa kutamka nyamaza.

Yako manne: joto, unyevu, kugeuza mayai, kengele. Kila moja linaarifiwa linapopakiwa, linapowashwa, linapozimwa, linapoondolewa. Pachiko la joto likiambiwa linazimwa, kwanza linazima hita, ndipo linaaga. Nililiandika hivyo kwa makusudi. Moto usibaki bila mwangalizi.

Akauliza swali moja. Pachiko moja likianguka wakati wa kuwashwa, mengine yanakuwaje? Nikasema yanaanguka yote. Hakucheka. Akasema, "Basi tuyawekee ukuta, dada." Kufikia saa sita kaweka. Moja linaanguka, matatu yanaendelea. Kazi safi, fupi, ambayo ningepaswa kuifanya mwaka juzi.

Nimemchukia mara mbili.

Mchana, kelele. Shangazi kakutwa kafungua mlango wa mashine, yai kaliweka kwenye kope la jicho, anapima joto kama alivyokuwa akifanya enzi za marehemu baba. Dada yake baba huyo, aliyetulea sote! Wifi kamfokea kama anafukuza paka: unamwaga joto, bibi wewe. Kaka akamalizia. Shangazi asifungue tena mlango ule, asome skrini tu. Kosa moja jingine na chumba chake cha nyuma kinakuwa stoo. Hana pengine pa kulala, na kaka anajua hilo.

Shangazi akasema, "Sawa, baba." Akaenda kwenye skrini.

Anasoma kwa kidole. Anakigandisha kwenye kioo, mstari kwa mstari, midomo inacheza. Joto... zima. Unyevu... zima. Kugeuza... zima. Kengele... zima. Ndivyo nilivyoandika: pachiko likiwa salama linaandikwa ZIMA, likiwa na hitilafu linaandikwa BOVU. Kama jino. Akimaliza anageuka na kusema, "Mazima yote, mwanangu." Kila asubuhi. Kioo chote kina alama za kidole chake.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimecheka peke yangu chooni.

Digrii kanionyesha toleo lake jipya. Rangi nzuri, lazima nikiri. Halafu akasema, kwa adabu zake zile zinazokera, kwamba kuna kitufe sikukimalizia. Kipi? Cha ZIMA. "Neno limekaa tu, ukiligusa halifanyi kitu. Nimekuunganishia na tukio la kuzima. Sasa ukigusa ZIMA, plagini inazima, neno linageuka kuwa WASHA. Ukigusa tena, inawaka."

Kalisoma kama amri! Mimi naandika pachiko zima, yeye anasoma zima pachiko. Miaka yote ya chuo, Kiswahili cha nyumbani kikamtega.

Nilifungua mdomo. Kweli nilifungua. Wifi akapita na rundo la trei chafu, akaliweka mezani mbele yangu, juu ya karatasi zangu. "Za kufanyia mazoezi," akasema.

Nikafunga mdomo. Nikamwambia Digrii, "Ahsante kwa kunimalizia."

Jumatano, baadaye

Nimepiga hesabu. Toleo jipya linaanza kutumika Jumamosi. Asubuhi shangazi atasoma kwa kidole. Atagusa joto, hita itazima. Nyuzi zitashuka kutoka thelathini na saba na nusu, zikifika thelathini na tano kengele italia kwenye simu ya kaka na ya Digrii. Mayai hayafi kwa nyuzi mbili. Watakimbizana, wataona kitufe, watauliza nani kakiweka. Digrii atajibu. Wifi atatafuta pa kuficha uso.

Hesabu imetimia. Hakuna anayeumia ila anayestahili.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekabidhi. Digrii akaniuliza mbele ya kaka: kuna jambo lolote lingine ninalopaswa kujua? Hata dogo?

Hapana.

Akanishukuru. Akasema kaka angenibakiza, kazi ni ya watu wawili. Kaka akasema biashara si kituo cha yatima. Wifi akacheka, nami nikacheka pia, kwa sababu zangu.

Shangazi kanisindikiza mpaka getini. Kanipa kitambaa chake nijifunike, upepo ulikuwa mkali. "Nitakuangalizia mashine yako, usiwe na wasiwasi." Nikamwambia endelea kusoma kama siku zote, shangazi.

Nimeyasema hayo. Kwa mdomo wangu huu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekaa na simu mapajani. Asubuhi, kimya. Adhuhuri, kimya. Labda Digrii kaondoa kitufe. Labda shangazi kapata miwani.

Alasiri nikajipikia, sikula. Bado kimya. Nikaanza kumtukana shangazi kimoyomoyo: leo ndiyo umejifunza kusoma kwa macho!

Jumapili, 10 Machi

Hesabu yangu ilikuwa sahihi mpaka mstari wa tatu.

Kengele iko mstari wa nne. Shangazi haachii njiani. Kagusa joto, likazima hita, likaaga. Kagusa unyevu, likaaga. Kugeuza, likaaga. Kengele nayo ikaaga, nyuzi hazijashuka hata moja. Yote manne kwa utaratibu, kama nilivyoyafunza. Kisha karudi nyuma bila kugusa tena, kaona WASHA, WASHA, WASHA, WASHA, akadhani ni habari njema, mambo yanawaka. Mlango hakufungua. Kakatazwa.

Kaka kanipigia asubuhi hii, kaikuta mashine imepoa. Nilipofika kipimajoto cha ndani kilisema nyuzi ishirini na tatu. Mayai elfu moja mia mbili, yanaingia wiki ya tatu. Tukayamulika kwa tochi moja moja. Yaliyocheza: mia moja na tisa.

Wifi kapasua moja mbele ya shangazi, kamshika mkono amlazimishe kutazama. Kifaranga kizima. Macho, mdomo, manyoya membamba yaliyolowa. Kizima, na hakikuwa kizima. "Ndicho kidole chako hicho, bibi. Kitazame!"

Shangazi kasema nimesoma tu. Nimesoma kama siku zote. Kamtazama kaka, kamtazama wifi, kisha kanitazama mimi. Nikaangalia waya.

Digrii kasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyeunganisha neno na tukio. Kasema wazi, mara mbili. Dada yake kamwambia afunge bakuli lake. Kaka kasema kitufe hakijigusi chenyewe.

Kisha kaka akageuka kwangu na sauti laini ambayo sijaisikia tangu msiba wa baba. Nirudi kwenye kompyuta. Niwe juu ya Digrii. Mkataba, ofisi, ile yenye dirisha. Niandike tu taarifa ya bima: kosa la mtumiaji, jina la shangazi, na kwamba alikuwa ameonywa. Shangazi aondoke leo hii kabla ya mchana. Kila nilichokitaka! Kwa mpangilio ule ule nilioutaka.

Digrii kanifuata kwenye seva. Kasema polepole, "Ulijua anasoma kwa kidole?"

Nikamwambia mapachiko yanahitaji kupakiwa upya.

Sasa nimekaa mbele ya mashine. Nimerudisha toleo langu. Joto limewaka, unyevu umewaka, kugeuza, kengele. Taarifa iko kwenye skrini ya pili, tupu, mshale unapepesa. Kaka anaita kutoka ofisini: imefika wapi?

Shangazi kaja. Kabeba mfuko mmoja na kitambaa kile nilichomrudishia. Nilidhani kaja kunilaani, ningeshukuru. Hapana. Kasimama mbele ya skrini, kidole kakiinua, kakiacha hewani, hakigusi kioo.

"Nataka nikuangalizie mara ya mwisho, mwanangu. Ila nisiharibu tena. Hii zima ya leo ni ipi? Ya uzima au ya kuzima?"

Kaka kaita tena. Digrii kasimama mlangoni, ananitazama.

Kidole bado kiko hewani. Anasubiri nimjibu. Naandika hapa ili mikono ionekane ina kazi.