Mapaja Yasiyo ya Pokuaa

Shangazi Birago mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, mimi ni mchoraji wa mabango ya filamu hapa Kumasi, mwaka wa kumi na moja sasa, na kama kawaida yetu nilichora bango kabla filamu yenyewe haijaisha kupigwa, kwa sababu mwenye filamu, Bwana Adofo, alinipigia simu akasema kuna mwanamke, bastola na moto, basi, nami nikashona magunia ya unga yawe turubai, nikamchora huyo mwanamke amejilaza miguuni pa stelingi, yaani shujaa wa filamu, gauni limechanika mpaka kiunoni, mapaja nikayatoa kwenye kalenda, chini nikaandika jina la mwigizaji, Pokuaa, na bango likatundikwa njia panda ya sokoni.

Wiki jana filamu ikaonyeshwa kwa majaribio kwenye banda la video, Shangazi, kumbe stelingi ni huyo huyo mwanamke! Pokuaa kavaa suruali na viatu vya kazi mwanzo hadi mwisho, anateleza juu ya paa la bati, anaruka mwenyewe, anawapiga wanaume wanne, halafu anamtoa mwenzake kwenye moto kambeba mgongoni, na hapo banda zima likasimama kushangilia, hata mimi nililia, sijawahi kuona mtu anaijua kazi yake namna ile.

Juzi Pokuaa akaja karakana kwangu.

"Kaka Twumasi, haya mapaja ya nani?"

"Dada, ni biashara tu."

"Mama yangu anauza samaki chini ya hiyo biashara yako. Wateja wanamwuliza kama mwanawe hana nguo. Kaniambia niache filamu, na bango likiwa bado pale Jumamosi, naacha."

Nataka kumchora upya, lakini Bwana Adofo anasema bila mapaja hakuna atakayeingia, na nikiligusa bango tusijuane tena. Nifanye nini?

Mchoraji Twumasi

Twumasi, pole, lakini si sana. Mtu mzima na brashi yake anamchora mtu ambaye hajamwona, halafu ananiuliza afanye nini! Hata hivyo umenifurahisha, maana ulikwenda, ukatazama, ukalia, na hukunificha. Kama unampenda, hiyo ni barua nyingine.

Adofo anasema watu wanafuata mapaja. Wewe ulikuwa ndani ya banda: walisimama lini? Alipombeba mwenzake mgongoni. Basi chora hicho. Leo hii panda ngazi, shusha magunia yako. Ukishuka, nenda kwanza kwa mama yake, umwombe radhi pale pale kwenye samaki, kwa sauti, wateja wakusikie. Kisha mwite Pokuaa karakana, asimame anavyotaka yeye, na usichore kitu ambacho hajakikubali. Mabega yale na jasho lile ni kazi ngumu kuliko kunakili kalenda, lakini mkono unao.

Adofo atafoka, mwache afoke. Akiuliza mapaja yako wapi, mpe kigoda, mwambie avue suruali akae, utamchorea ya kwake.