R Kubwa ya Johnstone

Amondi uko? Nimetoka dukani nikilia na sirudi huko.

Unajua ile programu ya mazishi ya Mzee Kituyi nilikuwa nataipu? Nilikosea herufi moja tu, ya mwisho kwa jina lake. Johnstone akaninyang'anya keyboard. "Mouse ni ya wavivu. Angalia bosi wako."

Amondi, kwa ile software yake ya kuandika bila mouse, herufi ni amri: r ndogo inabadilisha herufi moja, inaachia hapo. Yeye akabonyeza R kubwa, ile inakula kila kitu iko mbele. Akarekebisha jina, akaendelea kuongeza "mpendwa wa kanisa". Ikameza "mume wa Maximilla". Yote! Nikamwambia tusome kwanza. Akasema, "Print." Nakala mia tatu.

Saa hii mjane mwenyewe, Mama Maximilla, amekuja kuzichukua. Akasoma. Akasoma tena. Johnstone akaninyooshea kidole: "Ni huyu msichana."

Ni huyu msichana!! Mimi!

Mama hakupiga kelele. Heri angenichapa kofi. Alinishika mkono akaniuliza polepole, "Mwanangu, nimeishi na yeye miaka arobaini na moja. Nilikukosea nini?"

Nikamwangalia Johnstone aseme. Alikuwa anapangusa vumbi kwa keyboard.