Zahanati Isiyo na Lalamiko

Shikamoo Bibi,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Siku ile ulipokosa dawa ya presha kwa mara ya tatu, ukanituma niandike kero yetu kwenye daftari la maoni la zahanati, niliandika "Huduma nzuri, asanteni." Nesi alikuwa ananitazama, nikaona aibu.

Leo hapa Mkuyuni mvua imelificha ziwa lote. Mama Mdogo alikuwa anapanga orodha ya zahanati atakazokagua mwaka ujao. Tukiwa tunakula samaki, sato wa ziwani, nikamuuliza kama yetu imo.

"Ya kwenu nimeiruka, mwanangu. Daftari zima ni sifa tu! Mnadeka nyie."

Kumbe kijiji kizima kimeandika kama mimi. Sato akanishinda, nikaitikia tu, "Ndiyo, Mama."

Kesho orodha inakwenda ofisini, na wewe utaendelea kuambiwa dawa zimeisha. Mdomo wangu haufunguki, Bibi. Najichukia.

Nasikia ndala zake zinakuja mlangoni. Kila akipita nilikuwa naifunika kadi hii ninayokuandikia kwa mkono, asiisome. Sasa nimeuondoa.

Nakupenda sana. Unisamehe.

Mjukuu wako,
Koku